Pale Udongo Ulipokuwa Laini

Jioni ile kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, kupigilia fimbo ya ethi, halafu nikusanye vifaa vyangu, nioge, nile, nilale. Ndani nilikuwa nimeshamaliza. Mabomba yalikuwa yameingia ukutani, nyaya zimepita, swichi na soketi ziko mahali pake, na kila chumba kilikuwa na balbu yake inasubiri. Nyumba ya Bibi Grasiana, kule Bungu, ilikuwa inaagana na vibatari.

Niseme mapema mimi ni nani, maana watu wakiambiwa fundi umeme amefika huwa wanachungulia nyuma yangu kumtafuta mwanamume. Naitwa Zamda. Naishi Chanika, Handeni mjini, na mume wangu Mhando. Nimefunga umeme kwenye nyumba za Handeni na Korogwe mpaka nimeacha kuzikumbuka. Giza silihofii hata kidogo. Giza ndilo linalonilisha.

Nyumba yenyewe ilikuwa kongwe. Kuta za mawe na udongo, nene, patasi ilikuwa inadunda kwanza kabla haijakubali kuingia. Aliijenga marehemu mume wa Bibi aliporudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge huko chini Korogwe. Sebuleni palikuwa na kile kibao kidogo cha umeme wa vijijini, taa moja na soketi moja, basi. Benedicto, mtoto wa Bibi, mwenye duka la vipuri Segera, ndiye aliyeniita niongeze umeme nyumba nzima. Hakutaka mama yake aendelee kujigonga milangoni.

Sasa ethi. Kwa asiyejua, ni fimbo ya shaba inayozamishwa ardhini nje ya nyumba, kisha inafungwa waya wa kijani unaoingia ndani na kugusa kila soketi na kila kisanduku cha chuma. Umeme ukivuja, unashuka ardhini badala ya kumpiga mtu. Kazi yake ni hiyo, kushusha. Miaka yote sikuwahi kujiuliza kama kuna kinachoweza kupanda.

Ethi inapenda maji. Ukiipiga kwenye udongo mkavu wenye kokoto, umeweka pambo. Mbele ya nyumba palikuwa na mawe matupu. Lakini nyuma, chini ya upenu, jirani na migomba, palikuwa na udongo mweusi, laini, umelowa, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda. Nilishajua kwa nini. Jana yake wakati wa magharibi nilimwona Bibi Grasiana akija pale na vikombe viwili vya bati. Alimwaga cha kwanza, akasogea kidogo, akamwaga cha pili. Taratibu, hasemi kitu. Nilidhani anasuuza vyombo.

Bibi mwenyewe jioni ile alikuwa amekwenda kwenye sala ya jumuiya kwa jirani. Nikamuuliza Benedicto, maana ndivyo mafundi tulivyozoea, unamuuliza mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mwanamume.

"Kaka, hapa nyuma naweza kuchimba?"

Alikuwa na simu sikioni. Akanipungia mkono. "Chimba popote fundi. Uwanja ni wetu."

Nikachimba.

Fimbo iliingia bila ubishi. Mara nyingi unatoka jasho, unamlaani aliyeumba mawe, lakini pale nilikuwa napiga nyundo kwa mkono mmoja. Ilipofika katikati ikakwama. Halikuwa jiwe. Jiwe ukiligonga linajibu, unalisikia mpaka kwenye kiwiko. Kile hakikujibu... kilibonyea. Nikapiga tena, pigo moja la hasira, fimbo ikapita.

Ndipo harufu ikapanda.

Maziwa. Si ya ng'ombe, si ya kopo. Maziwa ya mama.

Harufu ile naijua vizuri kuliko nilivyotaka kuijua. Mimba mbili zimenitoka mimi. Ya pili ilikuwa kubwa, tumeshanunua beseni, na siku chache baada ya kumzika yule mtoto maziwa yalikuja yenyewe, yakalowanisha gauni, na hakuna wa kuyanywa. Nilitaka mtoto. Nilitaka mpaka nikawa navuka barabara nikimwona mwanamke amebeba mgongoni. Mhando aliacha kuulizia, nami nikaanza kuchukua kazi za mbali, kadiri inavyokuwa mbali ndivyo nafuu. Kwa hiyo harufu ile ilinipata vibaya. Nikajiambia ni migomba imeoza. Nikafunga waya wa kijani haraka, nikaingia ndani.

Nikapandisha saketi breka, swichi kubwa ya nyumba. Taa zikawaka nyumba nzima!

Benedicto alipiga makofi kama mtoto. Akazunguka chumba kwa chumba akiwasha na kuzima, akicheka peke yake. Kisha akasema anakwenda kumchukua mama yake, akute nyumba inang'aa. Akatoka. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya milima na ubaridi wa Bungu umeanza kuingia. Nikabaki peke yangu nafagia vipande vya udongo.

Taa ya chumba cha nyuma ikafifia.

Ikarudi.

Ikafifia... ikarudi.

Fundi haogopi taa inayofifia, anaanza kufikiria waya uliolegea. Nikaenda. Ni kile chumba kinachopakana na upenu, ukuta wake ndio ule ule ambao fimbo yangu ilikuwa imezama chini yake. Nikatoa testa nikagusa soketi. Sawa. Nikagusa swichi. Sawa. Juu yangu taa iliendelea, inafifia, inarudi, pole pole, na nikajikuta nami navuta pumzi pamoja nayo. Nikaacha. Nikavuta pumzi kwa makusudi, vingine kabisa.

Taa ikangoja. Ikafuata.

Nilirudi sebuleni mbio, nikashusha saketi breka. Nyumba yote ikawa nyeusi. Nikasema, haya Zamda, washa tochi, utafute tatizo kwa utulivu. Nikageuka kuangalia korido.

Chini ya mlango wa chumba cha nyuma palikuwa na mwanga.

Breka iko chini. Nimeishusha kwa mkono wangu huu. Nikasukuma mlango. Balbu ilikuwa inawaka, mwanga wa njano uliofifia, hautoshi hata kuonyesha pembe za chumba. Nikapanda kwenye stuli. Nilifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya, nikaizungusha balbu nikaitoa kwenye holda.

Ikabaki inawaka mkononi mwangu.

Haikuunguza. Ilikuwa vuguvugu, kama utosi wa mtoto.

Halafu ukuta ukalia.

Kilio kilitoka ndani ya bomba nililolikata na kulilaza mwenyewe mchana. Kilianza chini, kwenye soketi, kikapanda ukutani mpaka kwenye swichi, kikafika dari. Kilio cha kichanga. Si cha maumivu, ni kile cha njaa, cha mtoto aliyelia muda mrefu hakuna aliyekuja. Matiti yangu yakauma. Nimesimama juu ya stuli, kwenye nyumba ya watu, na balbu mkononi, nasikia matiti yanauma na machozi yananitoka, na mdomo wangu ukasema wenyewe yale ambayo mwanamke yeyote wa kwetu angemwambia mtoto yeyote anayelia, wa kwake au wa jirani.

"Nyamaza mwanangu. Nyamaza... nakuja."

Kimya.

Balbu ikazimika kwenye kiganja changu. Ikawa baridi hapo hapo.

Nilishuka. Mlangoni alikuwa amesimama Bibi Grasiana, kanga ya jumuiya bado kichwani, na nyuma yake Benedicto na tochi ya simu. Bibi alikuwa ananusa. Pua yake ilikuwa inacheza.

"Fundi," alinong'ona. "Umechimba wapi?"

"Nyuma, Bibi. Chini ya upenu. Kaka Benedicto alini..."

"Benedicto, toka nje."

"Mama, kwani kuna..."

"Toka."

Alitoka. Bibi akafunga mlango, akawasha kibatari alichokuwa ameambiwa akitupe, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Pale ni pa wanawake," alisema kwa sauti ya chini. "Wanaume hawapajui. Hata marehemu hakupajua, na nyumba aliijenga yeye. Mtoto akifa kabla hajatolewa nje, kabla hajapewa jina, tunamlaza pale sisi wenyewe, chini ya upenu, apate maji ya paa. Hakuna msiba. Hakuna kulia. Jioni unampa maji, unaondoka."

"Samahani Bibi. Nilimuuliza kaka."

"Ungemuuliza nani? Kosa langu. Nilikuona umevaa ovaroli, nikakuhesabu na wanaume." Aliinua kibatari anione usoni. "Alilia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia.

Bibi Grasiana alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Ndipo nilipokumbuka kitu kilichonichekesha tangu nifike. Kila mama huku anamwita mwanangu mtu yeyote aliye mdogo kwake, hata kondakta, hata muuza nyanya. Bibi huyu, mimi alikuwa ananiita fundi, na mtoto wake wa kumzaa anamwita Benedicto, jina zima, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Neno hilo hatulisemi nyumba hii," alinong'ona. "Wakiitwa hivyo wanafuata. Wanarudi, wanazaliwa, wanakufa, wanarudi tena. Kwa hiyo hatuwaiti. Wangu nimemmwagia maji pale tangu nikiwa msichana mbichi mpaka nimezeeka, na sijamwita."

"Bibi, ni neno tu. Kila mtoto naweza kumwita hivyo."

"Kwako ni neno. Yeye hakuna aliyewahi kumwambia."

Nikasema nakwenda kuing'oa fimbo sasa hivi, nitafukia, nitafanya lolote. Akatikisa kichwa.

"Ya nini? Hayupo tena pale."

Akainuka, akaja, akaweka kiganja chake tumboni kwangu, juu ya ovaroli yenye vumbi. Alikiacha hapo. Niliona midomo yake inatamka kitu, neno moja, polepole, na machozi yakamshuka mpaka kidevuni. Sauti haikutoka.

"Kama ameondoka," nilimuuliza, "kwa nini bado unanong'ona?"

Bibi Grasiana aliutazama ukuta wa nyuma.

Asubuhi niliihamisha ethi mbele ya nyumba, kwenye mawe, nikatoka jasho la haki. Benedicto aliuliza kuna nini, nikamwambia kule nyuma kuna mizizi. Taa ziliwaka vizuri, hakuna iliyofifia. Nikashuka Korogwe, nikapanda gari la Handeni, na njia nzima nilikuwa najicheka. Zamda wewe, fundi mzima, unatishwa na shoti ya umeme na bibi mwenye huzuni zake.

Kisha nikaanza kutapika asubuhi.

Muuguzi wa kliniki alinipima, akahesabu, akaniambia mimba ilikuwa imeshaingia kabla sijapanda Bungu. Mhando aliposikia hadithi yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Unaona? Wa kwetu huyo. Alikuwemo tayari, ulimpeleka kutembea tu." Nami nikataka sana kuamini hivyo, na siku nyingi niliamini. Mwanamke aliyepoteza mbili hachagui wa tatu anatoka wapi. Nililala chali, nikaacha ngazi na nyundo, nikasali sala zote ninazozijua.

Alizaliwa mzima. Wa kiume. Tukamwita Mbwana, jina la baba yake Mhando. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi mpaka nikaogopa. Alipotoka akalia, na kilio kile nilishakisikia. Wakunga walikuwa wanacheka, wanasema ana mapafu huyu. Mimi nikamweka kifuani nikamwambia nyamaza mwanangu, nimekuja. Akanyamaza papo hapo, akafungua macho akanitazama kwa muda mrefu, kwa namna ya mtu anayehakikisha.

Mbwana amekua. Anakimbia, anakula ugali wa kutosha watu wazima. Maneno tu ndiyo hana. Hasemi mama, hasemi baba. Watu wananiambia watoto wa kiume huchelewa, subiri. Kingine ni hiki, magharibi ikiingia anatoka kwenye michezo yake, hata iwe tamu vipi, anakwenda kukaa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yetu. Anakaa kimya, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nikimbeba anakuja, habishi. Lakini anageuza shingo kutazama nyuma mpaka tunaingia ndani.

Wiki hii Benedicto alinipigia. Kuna swichi imekufa, anataka ushauri. Tulipomaliza ya swichi nikamuuliza Bibi anaendeleaje.

"Yupo, anazeeka tu," alisema. "Bado na mambo yake ya kumwaga maji jioni kule nyuma. Ila siku hizi ni kikombe kimoja. Zamani si ulimwona, vilikuwa viwili? Nimemuuliza kimoja kimekwenda wapi, ananiambia huyo ameshakunywa kwingine."

Benedicto alicheka. Mimi nilikata simu bila kuaga.

Viwili. Alimwaga cha kwanza, akasogea kidogo, akamwaga cha pili.

Pacha.

Nikakumbuka kunong'ona kwake. Nikakumbuka alivyoutazama ule ukuta. Alikuwa hanong'oni kwa ajili ya yule aliyeondoka. Alikuwa anachunga asimwamshe aliyebaki.

Nikaenda kumtafuta mwanangu. Jua lilikuwa linazama. Hakuwa barazani, hakuwa jikoni. Nilizunguka nyuma ya nyumba, na pale pembeni, nilipoizamisha fimbo ya ethi ya nyumba yetu kwa mkono wangu siku tulipohamia, palipo na udongo laini kwa sababu ndipo maji ya bafu yanapotokea, Mbwana alikuwa amelala kifudifudi. Shavu lake lilikuwa kwenye tope. Mkono mmoja ulikuwa umeshika waya wa kijani. Alikuwa anasikiliza, kisha anatikisa kichwa kukubali, kisha anasikiliza tena.

Halafu mtoto wangu asiye na maneno akasema. Wazi kabisa, bila kigugumizi, kwa sauti yangu.

"Nyamaza mwanangu. Nyamaza... nakuja."

Nilielewa yote kwa mara moja. Yule kule Bungu alikuwa amebaki peke yake, analia, na huyu hakuweza kumsikia akilia na kukaa. Angekwenda. Angelala usiku mmoja na asubuhi nisimkute, nimpoteze kama wale wawili wa mwanzo, na safari hii nisingenyanyuka tena.

Nilipiga magoti kwenye tope pembeni yake. Nikamshika mgongoni, nikausikia moyo wake unavyokwenda mbio. Harufu ya maziwa ilikuwa imejaa kote. Nilimfikiria Mhando, nilimfikiria Bibi Grasiana aliyefunga mdomo wake umri mzima. Nilijua ninachofanya. Mara ya kwanza nilisema bila kujua, hii nilijua.

Nikainama mpaka midomo ikagusa udongo, pale fimbo inapoingia.

"Usilie," nilinong'ona. "Na wewe njoo, mwanangu. Njooni mkae wote."

Mbwana aliachia waya. Akageuka, akanitazama usoni, akacheka. Tangu azaliwe sijawahi kumsikia akicheka vile. Chini ya magoti yangu udongo ulikuwa vuguvugu.

Kutoka ndani Mhando akapaza sauti.

"Zamda! Hebu njoo uangalie. Mbona taa ya chumbani inawaka, na swichi nimeizima?"

Nikamwambia aiache hivyo hivyo.